Mama Shani, Jana Nilishika Kipaza Sauti

Mama Shani, shikamoo.

Ninakuandikia hapa ofisini, kwenye meza yangu ya dirishani, wenzangu wakiwa wameshuka kula. Swala ya Ijumaa imeanza muda si mrefu na mtaa umetulia. Mlango nimeurudishia. Sitaki Mushi aingie anikute ninamwandikia mtu tuliyekwisha kumzika, maana dereva wetu unamjua. Kabla ya jioni madereva wote wa soko la Kilombero watakuwa wamepata habari. Lakini jana limetokea jambo, na tangu jana natafuta mtu wa kumsimulia. Nilimpigia mama kule Kikatiti. Akasema Mungu ni mwema, kisha akaniuliza kama nimekula. Niliwasimulia vijana ninaokaa nao, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Hakuna aliyeniuliza maswali ambayo wewe ungeuliza. Wewe ungeuliza: gari mlilisimamisha wapi? Upepo ulikuwa unatoka upande gani? Na watu uliwaitaje?

Nitakujibu yote. Ila kwanza nikupe habari za mji, maana hukuwa mtu wa kuanza kazi kabla ya kuzipata. Ulikuwa unaingia, unavua kandambili zenye tope pale mlangoni, unasema, "Haya msomi, mji umeamkaje?" Miezi ya mwanzo nilidhani ni salamu. Nilikuwa najibu, "Salama, Mama," nawe unanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeandika jina lake tu kwenye karatasi ya mtihani.

Mji umeamka na baridi. Ni Julai ile unayoijua, ya manyunyu yasiyokatika wala kuwa mvua. Mlima hatujauona wiki nzima. Kwenu Levolosi wamechimba tena njia ya nyuma ya nyumba yenu kutafuta bomba linalovuja. Bomba halijapatikana, ila watu wamepanga mawe ya kukanyagia, na jirani yako mshona nguo anakaa mlangoni akiwaambia wapita njia jiwe lipi linacheza. Wazee wa kahawa pale kona wanabishana juu ya uwanja mpya wa mpira. Mmoja anasema utaleta wageni, mwingine anasema utaleta foleni, na mwuza kahawa anasema wageni na wenye foleni wote wanakunywa kahawa. Parachichi kutoka kwetu Meru zimejaa sokoni hadi zinamwagwa chini juu ya viroba. Hizo ndizo habari. Wewe ungezisema kwa maneno machache zaidi.

Siku ya kukuzika nilikuja. Sijui kama inafaa kukuambia, lakini sikujua nisimame wapi. Mimi Mlutheri wa Kikatiti, sikuwahi kuzika upande wenu. Nilikaa nyuma kabisa, nimevaa tai niliyoifunga kwa uangalifu kama naenda kwenye usaili, mpaka mzee mmoja wa kanzu akanishika mkono. "Wewe si karani wake? Njoo mbele, tia udongo mara tatu." Nikatia. Wanaume walijaa mpaka barabarani: waendesha bodaboda, wauza mitumba, mtendaji wa mtaa, na mchungaji mmoja ambaye uliwahi kumtangazia harambee ya bati za kanisa. Mikono yangu ilibaki na udongo na sikutaka kuipangusa kwenye suruali, nikarudi nayo hivyo hivyo hadi nyumbani.

Nilishangaa wingi wa watu, kwa sababu hukuwa na cheo. Kwenye faili letu umeandikwa "msomaji wa matangazo", basi. Kazi yako ilikuwa kukaa kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo chenye spika mbili juu ya paa, ukauzunguka mji ukiwaambia watu kwamba maji yatakatika, kwamba chanjo ya watoto ni kesho, kwamba mzee fulani amefariki na atazikwa saa kumi, kwamba ng'ombe mwenye baka jeupe ameonekana nyuma ya shule na mwenyewe anatafutwa. Kazi yangu ilikuwa kuyaandika hayo, na yako kuyasema. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba hizo ni kazi mbili tofauti.

Unaikumbuka karatasi yangu ya kwanza? Niliiandika mara nne. "Wananchi wote mnataarifiwa kuwa kutakuwepo na usitishwaji wa huduma ya majisafi kwa muda usiojulikana." Uliisoma kimya, umeinua miwani kwenye paji la uso, ukanigeukia. "Hii umewaandikia watu au umeiandikia mahakama?" Mushi akaulalia usukani kwa kicheko. Nilitamani kushuka gari likiwa linakwenda. Tulipofika Levolosi ukaiweka karatasi yangu chini ya paja, ukabonyeza kitufe. "Akina mama, jazeni ndoo. Kesho bomba linalala, na halijasema litaamka saa ngapi." Milango ikafunguka mtaa mzima. Mama mmoja akapaza sauti kutoka dirishani, "Mama Shani, na pipa je?" Nawe ukamjibu kwenye spika, watu wote wakisikia, "Pipa lako linavuja tangu mwaka jana. Jaza ndoo."

Nilikuwa naona aibu kwa niaba yako siku zile. Nilikuwa na diploma na wewe uliishia darasa la saba, na nilidhani unaharibu kazi yangu. Leo nasema wazi: sijapata kumwona mtu aliyeijua lugha kama wewe. Msiba ulikuwa huusemi gari likitembea. Mushi alikuwa akijisahau, unampiga bega: "Zima. Mtu amekufa, wewe unakimbilia wapi?" Kisha unasubiri kidogo kabla ya kutaja jina, ili aliye jikoni apate muda wa kuweka mwiko chini. Bibi yangu bado anaisimulia siku ulipokuja Kikatiti kutangaza chanjo ya mifugo ukajaribu Kimeru cha kuokoteza. Anasema ulikusudia kuwaambia watu walete mbuzi, ukawaambia walete wakwe. Ila anasema pia kwamba mwaka ule ndio mifugo mingi ililetwa, kwa sababu kijiji kizima kilitoka kwenda kumwona huyo mama wa wakwe.

Baada yako bosi alimpata kijana wa studio. Sauti yake ni nzuri, nzito, na anaweka muziki kwa chini. Anarekodi mara moja, Mushi anazunguka nayo mji mzima: Levolosi, Njiro, Ngaramtoni, ile ile. Simlaumu mtu. Ni rahisi, na nikiri kwamba mimi nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimekaa matanga yako yote nikiogopa nisije nikaambiwa nishike nafasi yako. Hofu yangu unaijua. Wewe peke yako ndiye niliyekusimulia kisa cha kanisani, siku niliposoma somo la kwanza, nikafungua kurasa mbili kwa pamoja, nikaanzia Isaya nikamalizia Yeremia. Hukucheka mara moja. Uliuliza, "Na waumini walisema amina?" Nikasema walisema. Ndipo ukacheka.

Sasa jana.

Saa mbili asubuhi dada mmoja aliingia ofisini bila hodi. Viatu vyake vilikuwa na tope na hakuwa na sauti. Alikuwa ananong'ona kama mtu aliye kanisani. Anaitwa Naishiye, mtumishi wa serikali, anaishi Njiro. Mama yake mzazi amepotea. Mama huyo ni Mwarusha wa Kisongo, upande ule wa magharibi wa mlima, ameletwa mjini kutazamwa macho kwa sababu ana mtoto wa jicho, anaona ukungu tu. Juzi jioni msichana wa kazi alifungua geti kutoa taka, akapita nyuma kuanua nguo, aliporudi akakuta kiti kitupu na geti wazi. Naishiye alikuwa amepita mtaani akimwita usiku kucha, ndiyo maana sauti ilikuwa imekwisha. Polisi wameambiwa, picha imepita kwenye magrupu yote ya WhatsApp. Bado hakuna kitu. Na mama ana kifua kibovu, daktari alishamwonya na baridi.

"Usiku mmoja ameshalala nje," Naishiye akasema. "Wa pili hataumaliza."

Bosi akasimama kumpigia kijana wa studio. Kijana yuko Moshi, ni mshereheshaji wa harusi, anarudi Ijumaa. Bosi akaweka simu chini, akanitazama. Nikageuka kuona anamtazama nani. Nyuma yangu kulikuwa na kabati la mafaili.

"Gidi," akasema, "karatasi si unaiandika wewe? Basi leo panda nayo."

Niliiandika vizuri, Mama. Hapo ndipo penye kosa langu, kwa hiyo nitakunakilia yote. "Anatafutwa mwanamke aitwaye Nasinyari Loishiye, mkazi wa Kisongo, mwenye umri unaokadiriwa kuwa miaka sabini na minane, mrefu wa wastani, aliyevaa shuka ya bluu. Yeyote atakayemwona anatakiwa kutoa taarifa mara moja kwa vyombo vinavyohusika." Nilikagua hata mikato. Naishiye alikaa kati yangu na Mushi, magoti yamegusana na gia, mikono ameifumbata mapajani. Nilipobonyeza kitufe spika zikalia ule mlio wa kuchoma masikio, mbwa wote wa Njiro wakaitika. Nikasoma. Sauti yangu niliisikia ikitoka juu ya paa, ikipita juu ya kuta, ngumu na kavu, na sikuamini kama ni yangu.

Tulizunguka hivyo mpaka saa tano. Tuliteremka hadi mwisho wa lami, tukarudi, tukaingia vichochoro vyote vyenye mageti. Hakutoka mtu. Kuta zile unazijua, na vioo juu yake. Nilisoma na kusoma. Naishiye alikuwa anatazama kila geti linavyopita, na kila tulipolipita alikuwa anafumba macho kidogo kisha anatazama linalofuata. Manyunyu yalikuwa yanaendelea. Mushi, ambaye kwa kawaida hamalizi dakika bila utani, akasema taratibu bila kucheka, "Msomi, unayatangazia matofali."

Ndipo nikakumbuka ile siku ya chanjo ya matone, ulipomsimamisha Mushi hapo hapo karibu na duka la gesi. Hukuwaita wenye nyumba. Ulituambia wenye nyumba wako kazini, na hata wakiwepo wako nyuma ya pazia; aliye karibu na sauti ni mwenye funguo za geti. Nilimwambia Mushi azime gari. Karatasi sikujua niiweke wapi, nikaikalia. Nikabonyeza, nikasema bila kuandika:

"Kaka uliye getini. Dada unayefua. Nasema na wewe, bosi simwulizi. Kuna mama wa mtu ametoka nyumbani jana jioni, haoni vizuri, amelala kwenye baridi hii. Tokeni tusaidiane. Sisi tuko hapa dukani."

Kisha geti moja likalia chuma kwa chuma. Akatoka mlinzi mwenye koti kubwa la kijeshi na kofia ya sufu. Akatoka mwingine. Akaja msichana mwenye povu la sabuni hadi kwenye viwiko, na mwingine amebeba mtoto wa watu mgongoni. Ndani ya dakika chache walikuwa kama kumi na tano wamelizunguka kirikuu. Yule mlinzi wa koti akainama dirishani.

"Wewe ndiye mrithi wa Mama Shani?"

"Hapana, kaka. Namshikia tu."

"Nilijua tu si mrithi wake. Tangu asubuhi unatuita kama mgambo wanaotafuta mtu. Mimi mwenyewe nilitaka kujificha, na sina kosa."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, ila neno lile lilinikaa. Kisha yule msichana wa sabuni, anaitwa Rehema, akasema alimwona. Alimwona juzi jioni, bibi mwenye shuka ya bluu, anatembea ameshika ukuta. "Nikamwambia, shikamoo bibi. Kimya. Nikarudia, shikamoo bibi. Kimya. Nikasema moyoni, haya, bibi za matajiri nao wana maringo. Nikaingia ndani." Akatutazama, akaona uso wa Naishiye, na mkono wenye sabuni ukaenda mdomoni.

"Hana maringo," Naishiye akanong'ona. Ilibidi sote tuinamishe vichwa kumsikia. "Kiswahili chake ni cha mnadani tu, na shikamoo hajaizoea. Kwetu mwanamke mzee unamwambia takwenya. Akiisikia anajibu iko. Lazima ajibu, hata akiwa mgonjwa, hata kama amekukasirikia." Akanigeukia mimi. "Na jina lake usilitaje tena, kaka yangu. Hakuna kijana anayemwita mama yangu kwa jina. Mwite Yeyo. Ni kama kusema mama."

Sikumwuliza kwa nini hakuniambia tangu asubuhi. Alinijibu mwenyewe. "Ulikuwa unasoma vizuri sana. Nikadhani ndivyo inavyotakiwa."

Mama Shani, nimekuwa nikisifiwa mwandiko na sarufi tangu darasa la tatu. Sijawahi kusifiwa nikaumia namna ile.

Rehema alituonyesha upande alikoelekea, chini kuelekea korongoni, ambako viwanja vingi havijajengwa. Ni mahindi yaliyokauka yakisubiri kuvunwa, na mapagale mawili matatu yasiyo na paa. Kirikuu kilishuka mpaka njia ilipoishia. Wale watu wote walitufuata kwa miguu, walinzi kwa wasichana wa kazi. Mageti waliyaacha yamefungwa na funguo zikalia mifukoni mwao. Sasa nakujibu maswali yako. Gari tulilisimamisha juu ya mteremko, pua imeelekea korongoni. Upepo ulikuwa unatoka mlimani, unashuka nasi. Mushi alipanda juu ya paa akazigeuza spika kwa mkono ili zifuate upepo, bila kuambiwa. Hilo amelijua kwako. Akazima gari. Naishiye akanifundisha lile neno mara tatu, akinisahihisha kwa vidole kama mwalimu wa kwaya, kwa sababu sauti hana. Yeye mwenyewe alijaribu kipaza sauti, ukatoka upepo mtupu.

Nikabonyeza. "Yeyo, takwenya."

Neno likashuka juu ya mahindi. Hakuna kitu. Mahindi makavu yalikuwa yanasuguana, na kunguru mmoja akahama ukuta.

Nilitaka kuongeza maneno. Unajua mtu mwoga anavyojaza kimya. Nilitaka kueleza sisi ni nani, tumetoka wapi. Nikauondoa mkono kwenye kitufe nikaukalia. Nyuma yetu watoto wa watu, walinzi na wafuaji walikuwa wamesimama kama wako msibani, mmoja akikohoa mwenzake anamfinya.

"Yeyo, takwenya."

Hakuna kitu. Naishiye alikuwa amenishika shati kwenye kiwiko. Nilihesabu pumzi. Nikasema ya tatu, na ya tatu sikuisoma kama mtu wa ofisi, niliisema kama ninavyomwamkia bibi yangu nikimkuta anachambua maharage uani.

"Yeyo. Takwenya."

"Iko."

Ilitoka kwenye pagale la pili. Sauti nyembamba, kali kidogo, ya mtu anayejibu kwa sababu tu adabu inamlazimu. Naishiye sikumwona akishuka, alinipitia miguuni. Kiatu kimoja kilibaki kwenye gari, kingine tulikikuta kwenye mahindi.

Alikuwa amekaa kwenye pembe ya chumba, mahali ukuta ulipokingia upepo, amejifunika mifuko mitupu ya saruji, mmoja juu ya mwingine, mingi sana, ameikunja vizuri mabegani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mikono ilikuwa ya baridi kama bomba la asubuhi. Lakini maneno alikuwa nayo, Mama. Alianza kumgombeza binti yake kabla hajamfikia, kwa Kimaa cha kwao, na Naishiye huku analia huku anacheka akawa anatutafsiria kwa mnong'ono. Anasema tangu asubuhi alikuwa anasikia jina lake likiitwa na sauti ya serikali. Jina lenyewe, wazi, kama la mwizi wa ng'ombe. Akajua ametenda kosa kutoka bila ruhusa na wamekuja kumchukua. Kila gari lilipokaribia akazidi kujisogeza ndani.

Ilikuwa ni mimi. Asubuhi nzima, na karatasi yangu isiyo na kosa, nilikuwa namfukuza.

Rehema akauliza, kupitia kwa Naishiye, sasa mbona baadaye aliitikia? Bibi alionekana kushangazwa na swali lenyewe. Akasema salamu ni salamu. Hata mtu mliyegombana unamwitikia kwanza, halafu ndiyo mnaendelea na ugomvi.

Sikuwahi kuupenda mji huu kama nilivyoupenda saa ile. Mlinzi wa koti alilivua koti lake akamvisha bibi, yeye akabaki na fulana kwenye manyunyu. Msichana mmoja alikimbia akarudi na chupa ya chai ya maziwa ambayo nina hakika ilikuwa ya mwajiri wake. Watu ambao kwa miaka wamelala ukuta kwa ukuta wakawa wanaulizana majina: kumbe wewe unatoka Singida, kumbe wewe Mbulu, mbona tunachota maji bomba moja. Rehema alijipangusa mikono kwenye khanga, akaenda mbele ya bibi, akainama. "Yeyo, takwenya." "Iko," bibi akajibu, na akamwekea mkono kichwani. Kisha Naishiye akanisukuma mimi. Nikainamisha kichwa kama nilivyoona mwenzangu akifanya. Bibi aliuliza jambo. Naishiye akamweleza. Mkono ukaja kichwani kwangu, mwepesi, bado wa baridi, na kabla ya kuuondoa akanigonga kidogo kwa vidole, kama mtu anayepima tikitimaji. Naishiye hakutafsiri hiyo.

Bibi alipelekwa hospitali. Leo asubuhi Naishiye ameniandikia ujumbe: kifua wamekisikiliza, amepewa dawa, amelala, ameamka, amekunywa uji, na amesema anataka kurudi Kisongo kwa sababu watu wa mjini wanapiga kelele sana. Mushi nilipomsomea ujumbe ule ilibidi atoke nje acheke.

Sasa lile lililonifanya nifunge mlango na kuchukua kalamu. Leo saa nne binti yako amekuja hapa. Shani amekonda kidogo lakini hajambo, anatembea kama wewe, anaanza kuongea kabla hajafika. Jumapili ni arobaini yako. Dua itasomwa nyumbani baada ya adhuhuri na watu watakula. Anataka tuitangaze kesho, Levolosi yote na kule sokoni, lakini ameomba isiwe ya kurekodi. Bosi akaanza kumweleza habari za kijana wa studio na muziki wake. Nikasikia mtu anasema, "Nitasema mimi." Mushi aligeuka. Bosi aligeuka. Sauti ilikuwa yangu.

Nikavuta karatasi nikamwuliza Shani jina lako kamili. Haki, sikuwa nalijua. Tumekaa pamoja kwenye kirikuu kile miaka miwili na sikuwahi kukuuliza. Akaniambia. Ni jina zuri. Nikaliandika kwa herufi kubwa, Shani akaliangalia, akachukua kalamu mkononi mwangu, akalikata. "Gidi, ukilitaja hilo hakuna atakayekuja. Watasema huyo mgeni ni nani?"

Kwa hiyo kesho saa mbili, Mungu akipenda, tutaanzia kwenye mlango wenu. Naogopa tangu Shani alipotoka. Sitakuahidi kwamba hofu hiyo itaisha. Ninachokuahidi ni hiki. Nitaita kila uchochoro kwa namna yake. Nitamwita mwuza kahawa na wale wazee wake wawili, nitamwita mshona nguo, mchungaji wa bati nitampigia simu mwenyewe. Nitawatuma walinzi wa Njiro wanifikishie habari ndani ya kuta. Na kuanzia Jumatatu, kama bosi atakubali, na hata kama itabidi nimsumbue mpaka akubali, nitakaa pale ulipokuwa unakaa, mpaka apatikane mwingine anayejua zaidi yangu.

Karatasi ya kesho iko hapa mbele yangu. Nimeandika na kukata, nimeandika na kukata, na sasa imebaki na mstari mmoja: "Levolosi, Mama Shani anawaita Jumapili."

Lala salama, Mama.

Karani wako,
Gidioni